Neno la Mungu na Mpunga wa Jirani



Mwezi huu tumeona vema kuwaandikia habari ya mlango mmoja wa Biblia ambao ni nadra kuusikia mimbarani, nao ni Nehemia 5. Wengi wetu twamjua Nehemia kuwa ndiye mjenzi wa ukuta. Watoto wa Shule ya Jumapili waweza kusema ya kuwa kazi ile ilimalizika kwa siku 52, nao hufurahi kuijua hesabu hiyo. Tena twaupenda mlango wa 8, pale Ezra asimamapo juu ya jukwaa la mti na kuwasomea watu torati tangu asubuhi hata adhuhuri. Lakini mlango wa 5 ulio katikati twaupita upesi, kama mtu apitavyo mbele ya nyumba ya yule anayemdai. Sisi nasi tuliupita hivyo miaka mingi, hata Kwaresima moja miaka michache iliyopita ulipotushika.

Twakaa Katindiuka, katika mji wa Ifakara. Wasomaji walio Moshi au Bukoba hawakosi kula mchele wa Kilombero, lakini huenda hawajui namna unavyopatikana. Bonde letu liko kati ya milima ya Udzungwa na vilima vya Mahenge, nalo ni tambarare. Mvua zikishuka milimani, Mto Kilombero hufurika na kutandaa mbugani, na udongo ule mweusi hushika maji. Ndipo mpunga hustawi. Mwezi wa 12 na wa kwanza watu hulima na kupanda. Mwezi wa 3 na wa 4 maji hujaa. Mwezi wa 5 mavuno huanza, nayo huendelea hata mwezi wa 7. Na kwa kuwa mashamba ya wengi yako mbali na nyumba zao, jamaa nzima huhamia huko, hujenga dungu, hukaa na kuamia ndege miezi kadhaa. Siku hizo mabati yaliyoko kanisani huvuma kwa mvua, na chini yake wamo wazee, wagonjwa, na watoto wa shule.

Basi, mwezi mgumu kuliko yote ni mwezi wa pili. Mpunga wa mwaka jana umekwisha. Shule zimefunguliwa mwezi wa kwanza, na sare na madaftari vimemaliza fedha. Kazi ya palizi ndiyo kwanza imeanza, nayo yataka mtu aliyeshiba. Ndipo mwenye shamba humwendea mwenye fedha na kuuza mpunga wake ungali majani. Tuseme, kwa mfano tu, gunia la mpunga wakati wa mavuno lapata shilingi 60,000. Mwezi wa pili mwenye fedha hutoa 30,000, na mwezi wa 6 hupokea gunia lake. Hakuna aliyetaja neno riba, wala hakuna aliyeandika mkataba. Wote wawili huagana kwa heri, na yule aliyepewa hushukuru sana.

Jumuiya yetu hukutana Alhamisi jioni. Kwaresima ile tulikuwa tukikisoma kitabu cha Nehemia mlango baada ya mlango, bila kuruka. Twawasihi ninyi walimu na wainjilisti mfanye hivyo mara kwa mara, maana mtu achaguaye aya azipendazo, hujihubiria mwenyewe. Jioni ile tulikuwa watu wachache, karibu wote wenye kichwa cheupe, pamoja na mjane mmoja aliyekuja kutoka shambani kuchukua chumvi na dawa.

Mlango ule huanza kwa kilio. Katika mlango wa 4 adui walikuwa wageni, akina Sanbalati na Tobia; watu walijenga ukuta huku wameshika silaha. Lakini katika mlango wa 5 watu na wake zao walia kwa sababu ya ndugu zao wenyewe, Wayahudi kwa Wayahudi. Wengine wasema jamaa zao ni nyingi nao hawana nafaka. Wengine wameweka rehani mashamba na mizabibu na nyumba, wapate chakula wakati wa njaa. Wengine wamekopa ili walipe kodi ya mfalme wa Uajemi. Na binti zao wengine wamekwisha kuwa watumwa. Yafaa tukumbuke ya kuwa mambo hayo yalikuwa mwaka wa 445 kabla ya Kristo au karibu yake. Hakuna neno hata moja ndani yake ambalo mtu wa bondeni kwetu ahitaji kufafanuliwa.

Tulipomaliza kusoma tuliuliza, kama ilivyo desturi yetu, Neno hili latuambia nini sisi. Mzee mmoja alisema upesi juu ya wafanyabiashara wajao na malori, hasa tangu daraja la Mto Kilombero lilipofunguliwa mwaka 2018, wanavyomshurutisha mkulima kujaza lumbesa, gunia lenye kilemba, ingawa sheria ya vipimo yakataza gunia lizidilo kilo 100. Wote tuliitikia. Mwingine akaongeza Amosi 8, juu ya wale wapunguzao kipimo na kuongeza bei. Tuliitikia tena, kwa moyo mweupe, maana hakuna mtu wa malori aliyekuwapo pale.

Ndipo yule mjane akasema, polepole, “Wazee wangu, mimi habari za malori sizijui sana. Ila mpunga wangu wa mwaka huu umekwisha kuliwa, nao hata kuchanua haujachanua.”

Hakumtaja mtu, wala hakugeuka kututazama. Lakini fedha zile zilitoka katika nyumba yetu, shilingi 60,000 kwa magunia mawili, nasi tulizihesabu kwa mkono wetu juu ya meza ile ile iliyokuwa na Biblia jioni hiyo. Tulinyamaza. Mtu mmoja akaanzisha wimbo. Kisha tukaomba, na sala ile ilikuwa ndefu kupita haja.

Usiku tulimweleza mama wa nyumba yetu. Akatujibu, “Je, tulimlazimisha? Alikuja mwenyewe, akaomba, akashukuru. Na mabati ya chumba cha nyuma tutanunua kwa nini?” Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Hatukumlazimisha. Tena sisi si matajiri. Fedha ile ilikuwa akiba ya mwaka mzima, nasi tulijiona tumemtendea mema. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo, ndugu zetu. Dhambi ya mwivi wa usiku hujulikana na kila mtu, hata na mwivi mwenyewe. Lakini hii huja imevaa nguo za msaada, na aliyeonewa ndiye anayesema asante.

Tulisoma siku kadhaa. Twakiri ya kuwa hatukusoma kwa kutafuta nuru. Tulitafuta mlango wa kutokea. Kutoka 22:25 ilitufunga, na Walawi 25 pia. Kumbukumbu la Torati 23 tukaona ya kuwa mgeni aweza kutozwa riba, tukafurahi kidogo. Lakini mjane yule si mgeni, huketi benchi la tatu upande wa akina mama, na mwana wake alibarikiwa kipaimara siku moja na wa kwetu. Katika Luka 6 Bwana Yesu auliza ni fadhili gani kumkopesha mtu tunayetumaini kupokea kwake sawasawa na tulivyotoa. Nasi hatukutumaini sawasawa. Tulitumaini mara mbili.

Tena tulikumbuka Katekisimo Ndogo, ambayo Luther aliitoa mwaka 1529 na ambayo kila mmoja wetu aliikariri. Katika amri ya 7 hakutosheka kukataza wizi. Afundisha ya kuwa mali ya jirani tusiipate hata kwa biashara ya udanganyifu, bali tumsaidie ailinde na kuiongeza riziki yake. Watu wengi hukariri nusu ya kwanza kwa sauti kubwa. Na mwaka 1540, baada ya nafaka kupanda bei huko Wittenberg, Luther aliwaandikia wachungaji akiwataka wahubiri juu ya riba, na wasimpe Chakula cha Bwana mtu asiyetaka kuiacha. Sisi tulikuwa tumekwisha kujiandaa kwa meza ya Bwana siku ya Alhamisi Kuu.

Ilikuwa aya ya 10 iliyotushinda. Nehemia alikuwa liwali. Alisikia kilio, akakasirika sana, akafanya shauri na moyo wake kwanza kabla ya kusema; jambo hilo nalo ni la kuigwa, maana wako wahubiri wengi ambao hasira yao hutangulia shauri. Kisha akawakusanya wakuu na kuwagombeza. Lakini aangalieni asomaye: katika kuwagombeza akasema ya kuwa yeye mwenyewe, na ndugu zake, na vijana wake, wanawakopesha watu fedha na nafaka, basi na waiache riba hiyo, yeye pamoja nao. Hakusimama juu ya jukwaa akiwaonyesha wengine kidole. Alijitia ndani ya hesabu. Twasema wazi, kama aya hiyo ingekosekana tungaliweza kuokoka. Tungaliendelea kumpenda Nehemia na kuwachukia wakuu.

Na aya ya 11 yataja kitu wanachotakiwa kurudisha: mashamba, mizabibu, mizeituni, nyumba, na pamoja nayo sehemu ya mia ya fedha na nafaka. Wafafanuzi wengi huidhania kuwa ni riba ya kila mwezi. Tulikaa na kalamu. Mia ya 60,000 ni 600. Kwa miezi 4 ni 2,400. Wakuu wa Yerusalemu, ambao Nehemia aliwakasirikia hata akakung'uta vazi lake mbele yao, kwa fedha kama zetu wangalichukua shilingi 2,400. Sisi tulingojea 60,000 zaidi. Mama wa nyumba yetu alipoiona hesabu ile hakusema tena juu ya mabati. Alisema tu, “Basi nenda kesho, maana imeandikwa wafanye siku ile ile.”

Tulikwenda. Maji yalikuwa juu, tukavushwa kwa mtumbwi, kisha tukatembea tumeshika viatu mkononi. Tulimkuta juu ya dungu, na kijana wake akirusha udongo kwa kombeo, maana kwelea kwelea walikuwa wameanza kushuka. Kwenye mti wa dungu ilining'inia Biblia, imefungwa kwa nailoni kwa sababu ya mvua na panya. Wako wanaosema ya kuwa miezi ya shambani ni miezi isiyo na Neno. Twaliona sisi wenyewe kuwa si kweli. Mwanamke yule alikuwa amesoma Nehemia hata mwisho, nasi tulikuwa bado katika mlango wa 5.

Tukamwambia ya kuwa magunia hatuyataki. Avune, auze kwa bei ya siku hiyo, aturudishie shilingi 60,000 alizopewa, na yanayobaki ni yake. Tulidhani atafurahi. Alitutazama kwa kitambo, akauliza, “Mzee, na badala yake mwataka nini?”

Swali lile lilituuma kuliko mahubiri yote tuliyopata kusikia. Maana kwa miaka ile yote tuliyosali pamoja naye, hakuwa amejifunza kututazamia neno jema lisilo na bei. Tulijibu ya kuwa hatutaki kitu, tukaomba atusamehe. Alisema amesamehe. Kisha akatupa mahindi ya kuchoma, tukala, tukarudi. Mwezi wa 6 alileta fedha zetu zote.

Laiti habari ingeishia hapo. Ingalikuwa nzuri ya kusomwa. Lakini mwaka uliofuata, mwezi wa pili ulirudi kama kawaida yake. Watu walisikia ya kuwa katika nyumba ile hawatozi, wakaja wengi, nasi fedha zetu hazikutosha hata watu watatu. Wale tuliowarudisha walikwenda kwa wengine, na mmoja akauza gunia kwa bei mbaya kuliko ile tuliyokuwa tukitoa sisi. Mzee mmoja wa kanisa akatuambia, “Mnaona? Mmeutuliza moyo wenu, na njaa ya watu iko pale pale.” Tulikosa jibu. Hata sasa twaona ya kuwa alisema jambo la haki. Nehemia hakuiacha riba peke yake nyumbani kwake. Aliita kusanyiko kubwa, na makuhani wakaletwa, na kiapo kikaapwa, na watu wote wakaitikia Amina. Toba ya nyumba moja ni njema, lakini njaa ya mwezi wa pili ni ya bonde zima.

Kwa hiyo jumuiya ilikubali, baada ya maneno mengi, ya kuwa wakati wa mavuno kila nyumba itoe debe moja la mpunga, uwekwe katika ghala ndogo nyuma ya nyumba ya mmoja wetu, na mwezi wa pili akopeshwe mwenye haja, arudishe debe kwa debe. Siku ya kwanza kabisa ulizuka ugomvi, tena juu ya jambo ambalo hatukulitazamia: debe lenyewe. Lilipoletwa debe la mmoja lilionekana limegongwa kitako kikaingia ndani. La mwingine kitako kilikuwa kimetokeza nje. Kumbe wengi wetu tulikuwa na debe la kununulia na debe la kuuzia, na hakuna aliyewahi kujiita mdanganyifu. Torati ilikwisha kulisema jambo hilo waziwazi katika Kumbukumbu 25, ya kuwa mtu asiwe na vipimo viwili nyumbani mwake, kikubwa na kidogo. Nasi Kwaresima ile tuliitikia kwa sauti juu ya lumbesa ya watu wa malori! Basi likanunuliwa debe moja jipya, likatiwa alama ya rangi, nalo hupimwa kwa mfuto: kijiti hupitishwa juu, na kilichozidi huanguka chini. Wa kwanza kupimiwa alilalamika ya kuwa mfuto ni ubahili. Alipokuja kurudisha hakulalamika.

Watu wawili hawakurudisha. Mmoja shamba lake lilichukuliwa na maji, naye amesamehewa. Wa pili hakutaka tu. Bado twaonana naye sokoni na kusalimiana. Walio wengi wamerudisha. Ghala si kubwa, haiwezi kumtosha kila mtu, na panya nao ni wanajumuiya wasioandikwa. Lakini mwaka jana jamaa kadhaa waliivuka palizi bila kuuza majani ya mpunga wao, na hilo kwetu ni jambo la kumshukuru Mungu.

Twawaomba walimu wenzetu: msomapo mlango huu, usomeni mwezi wa kwanza au mwanzo wa mwezi wa pili, kabla fedha hazijatoka mikononi mwa wenye nazo. Usingoje sikukuu ya mavuno. Wakati huo magunia yamekwisha kuhamia, na wote huimba vizuri. Wala msiusome mahali ambapo aliyekopa atalazimika kusema jina la aliyemkopesha. Mjane yule hakulisema, na kwa kutolisema alitufungulia mlango wa kutubu pasipo kutuaibisha. Kama angalitutaja mbele ya watu, twaujua moyo wetu: tungalijitetea.

Yule mzee tuliyemtaja bado hukopesha kwa magunia. Ndiye aliyesema ya kanisani ni ya kanisani, na ya shambani ni ya shambani. Msimdhanie kuwa mtu mbaya. Mama wa nyumba yetu alipougua usiku, wakati maji ya Lumemo yamejaa njiani, ndiye aliyekuja na baiskeli yake na kumsukuma hata hospitali, naye akakaa mpaka kulipopambazuka. Jumapili huketi mahali pake pa siku zote. Alhamisi haji tena. Tumekwenda kwake mara mbili. Alitupokea kwa chai, tukazungumza habari za mvua.

Mwombeeni, ndugu wapendwa, bila kumtafuta ni nani. Nasi mtuombee, maana mabati ya chumba cha nyuma bado hatujanunua, na mwezi wa pili u karibu.